Upande wa Chano Usiokaliwa na Mtu

Wazazi wenzangu wa mtaa huu, na yeyote atakayeletewa, naomba mnivumilie, ni ndefu kidogo lakini someni hadi chini. Mimi nimetumiwa na dada mmoja, naye alitumiwa na mwingine, ilianzia kwa nani sijui. Nimeisoma nikiwa jikoni, wali nusura uungue. Nikasema hii siwezi kukaa nayo peke yangu, maana Jumatatu wangu wa kwanza anaanza chekechea, na nyote mnajua anavyotembea kwa shida. Basi nawasimulia kwa maneno yangu. Mkiona nakimbia mno, mnishike mkono tukimbie pamoja.

Zamani, juu ya kilima chenye minazi, palikuwa na mji ulioitwa Kwa Ndaro. Uliitwa hivyo kwa jina la aliyeuanzisha, Mwinyi Ndaro, ambaye alikwisha kufa zamani sana hata waliomzika nao walikwisha kuzikwa.

Mji ule ulikuwa na chano kimoja kikubwa. Chano ni lile sinia la mbao walilokuwa wakilia chakula wazee wetu, na hiki kilikuwa kipana, watu wanakizunguka goti kwa goti na bado wali unabaki katikati kama kichuguu. Ilisemekana Mwinyi Ndaro alikichonga kwa mkono wake mwenyewe. Kilikuwa tambarare kabisa, kama kibao cha kusukumia chapati, isipokuwa upande mmoja. Upande huo ukingo ulikuwa umeinuka, umejikunja kwa ndani, kama mtu aliyekinga kiganja.

Watu walisema, pale ndipo alipokaa Mwinyi Ndaro, na ule ukingo ni taji lake. Kwa hiyo, kwa heshima, hakuna aliyeruhusiwa kukaa pale. Kila karamu upande ule uliachwa wazi. Wali wa upande ule ulipoa, ukakauka, mwishowe ukatupiwa kuku. Kuku wa Kwa Ndaro walinona, msiseme!

Sasa, karamu yenyewe ilikuwa ya mavuno, na haikuwa ya kushiba tu. Siku hiyo watoto walioanza kung'oka meno ya mbele waliletwa kula chanoni kwa mara ya kwanza. Mtoto alitakiwa ale kwa mkono wa kulia, pamoja na wenzake, mpaka ubao uonekane, bila kumwaga chakula jamvini. Akiweza, basi ni mtoto wa mji: atagawiwa konde la kulima akikua, atasema barazani, atazikwa na watu. Akimwaga, anarudishwa. Na aliyerudishwa alikuwa kama mgeni aliyelala njiani, yupo lakini hayupo.

Mwaka uliotangulia kisa hiki alirudishwa mtoto wa mfinyanzi, mtoto asiyeona. Alipapasa akitafuta kitoweo, akaangusha mchuzi, basi. Wazazi wake walibeba vyungu vyao wakahamia bondeni ng'ambo ya mto, na hakuna aliyewaaga.

Palikuwa na mama mmoja pale, Mwanasha, amefiwa na mume bado kijana, ana binti mmoja tu anaitwa Zuwena. Zuwena alikuwa mcheshi, ana maneno kama kasuku, lakini tangu azaliwe mikono yake ilitetemeka. Si kwa baridi, si kwa woga, ilitetemeka tu, kama majani ya mti mwembamba upepo ukipita. Na jino lake la mbele likaanza kulegea.

Jamani, mama mwingine anafurahi jino likilegea. Mwanasha alikuwa akiligusa lile jino kila asubuhi na kuomba lishike.

Likang'oka. Zuwena akalitupa juu ya paa akicheka, mama akaingia ndani akakaa kitandani, akajiuliza: atalima wapi mwanangu nikifa?

Akaanza kumfundisha. Kila alasiri aligeuza kifuniko cha chungu, akamwaga maharage juu yake, akamwambia, "Haya mama, mega." Maharage yakaruka huku na huku. Akamfunga kiwiko kwa kitambaa. Yakaruka vilevile.

"Mama, huu mkono hausikii," Zuwena alisema.

"Utasikia."

"Labda hauna masikio."

Mwanasha alicheka huku machozi yanamtoka, akayaokota maharage, wakaanza upya.

Lakini siku moja akagundua jambo. Zuwena alipokula kwenye bakuli hakumwaga. Mkono ulitetemeka, ndiyo, lakini aliusukuma wali mpaka kwenye ukuta wa bakuli, wali ukasimama, vidole vikaukamata. Mwanasha aliruka kama aliyeokota lulu. Akajifunga kanga, moja kwa moja hadi barazani kwa Jumbe.

Jumbe wa mji alikuwa Jumbe Kitwana, mtu mwenye haki, kila mtu alisema hivyo, hata yeye mwenyewe aliamini hivyo. Pembeni yake alikaa Mzee Fumo, mlinzi wa mila, mikono ndani ya joho, uso mkavu. Huyu Mzee Fumo ndiye aliyesimama nyuma ya watoto siku ya karamu kutazama nani kamwaga. Yeye mwenyewe hakuwa anakula, kila karamu alisema amefunga. Watu wakasema, yule ni mcha Mungu, hata siku ya sikukuu anajinyima.

"Shikamoo Jumbe. Shikamoo Mzee Fumo."

"Marahaba, Mwanasha. Sema."

"Nimekuja kuomba bakuli."

"Bakuli?" Jumbe alishangaa. "Kwako mabakuli yamevunjika yote?"

Baraza zima likacheka. Mwanasha naye akatabasamu kidogo, maana ukicheka nao pengine watakusikiliza.

"La karamu, Jumbe. Zuwena wangu jino limeng'oka. Nasema hivi, akae palepale na wenzake, ale wali uleule, ila wa kwake uwekwe bakulini. Chano hakina ukuta. Mkono wake unahitaji ukuta tu, basi."

Jumbe hakuwa mtu mbaya. Alifikiri kweli, akashika ndevu, akasema, "Mwanasha, chano ni kimoja, wali ni mmoja, sheria ni moja. Nikimpa wako bakuli, kesho huyu ataomba kijiko, na yule ataomba mto wa kukalia. Nitakuwa nimewaonea waliokula bila chochote. Haki ni kuwatendea wote sawa."

"Chano ni kimoja, Jumbe. Lakini mikono haifanani."

Mzee Fumo akapaza sauti. "Mkono wa Mwinyi Ndaro ulikuwa chuma! Haukutikisika hata siku aliyokutana na chui njiani. Tangu lini mji wa mkono wa chuma ukaendekeza mikono ya majani?"

Mwanasha akajifunga kanga yake upya. Akashuka ngazi za baraza polepole, anahesabu macho ya watu waliomtazama.

Nyumbani alianza kufunga vitu. Sufuria, mkeka, kanga zake, kinu. Alitaka waondoke kabla ya karamu, wafuate mto kama mfinyanzi, angalau mtoto asikataliwe mbele za watu. Zuwena akamkuta.

"Tunahama?"

"Tunatembea kidogo."

"Na karamu?"

Mwanasha akaendelea kukunja mkeka.

"Wali wa pale mtamu?" Zuwena akauliza.

"Mtamu. Wa nazi."

"Basi twende tukale kwanza, halafu tutembee."

Wenzangu, mimi hapo niliweka simu chini kidogo. Mtoto hajui anaendea nini, wewe ndiye unayejua, na bado inabidi umchane nywele, umpake mafuta, umwambie umependeza.

Siku ya karamu, jua la mchana limesimama, majamvi yametandikwa, chano kimeletwa na watu wanaimba. Wali umemwagwa, kuku juu yake, harufu inafika bondeni. Watoto wakaitwa mmoja mmoja wakakae. Kila aliyeitwa wenzake walimsogezea nafasi, "Njoo huku, njoo kwangu."

Likaitwa jina la Zuwena.

Akaenda pale palipokuwa na upenyo. Mtoto wa kwanza akapanua magoti. "Hapa pamejaa."

Akazunguka. "Hapa anakaa kaka yangu."

Akazunguka tena. "Wewe utatumwagia wali, nguo zetu mpya."

Na wazazi wao wapo, wamesimama nyuma yao, wanasikia, kila mmoja ametazama pengine. Mwanasha alikuwa ameshika nguzo ya ukumbi kwa mikono miwili.

Zuwena akatazama duara lote. Kisha uso ukamchangamka.

"Ah! Si hapa pana nafasi!"

Akaenda akakaa upande wa Mwinyi Ndaro.

Upande ule hapakuwahi kukaa mtu tangu vizazi na vizazi, na mtoto mwenye pengo amekaa pale amekunja miguu, anasema bismillahi, anapeleka mkono chanoni. Mkono ukatetemeka. Akaamua kuusukuma wali kama afanyavyo nyumbani kwenye bakuli. Wali ukateleza, ukagonga ule ukingo uliojikunja, ukasimama. Vidole vikafunga. Tonge hilo, mdomoni.

"Mtamu kweli, mama!" akapaza sauti.

Akarudia. Punje zilizomponyoka zilianguka ndani ya ukingo, hazikwenda kokote.

Hapo Mzee Fumo akazinduka. Alikuja na bakora yake, anatetemeka kwa hasira, au ndivyo watu walivyodhani.

"Inuka! Inuka hapo, wewe binti!"

Zuwena akainua macho, shavu moja limejaa. Akatazama jamvi mbele yake, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Nimemwaga wapi, babu?"

Watu wote wakainama kutazama. Mbele ya Zuwena jamvi lilikuwa safi. Lakini mbele ya wenzake, jamani, mbele ya wale watoto wa mikono imara, punje zilikuwepo, hapa moja, pale mbili, na mfupa mmoja umekimbilia chini ya goti. Zilikuwepo kila mwaka. Hakuna aliyewahi kuziona kwa sababu hakuna aliyezitafuta.

"Si kumwaga!" Mzee Fumo akasema. "Umekaa mahali pa Mwinyi Ndaro!"

"Kumbe ndiye aliyekuwa anakaa hapa?" Zuwena akaupapasa ule ukingo. Kisha akauliza swali ambalo mtu mzima asingethubutu. "Na yeye mkono wake ulikuwa kama wangu?"

Mtu mmoja akacheka, akakoma mwenyewe.

Jumbe Kitwana akainuka kitini. Alikwenda akapiga magoti karibu na Zuwena, kanzu nyeupe na yote, akausogeza wali kando mpaka ubao ukaonekana. Akapitisha vidole. Pande nyingine zote za chano zilikuwa na vishimo vidogo vidogo, ndivyo mbao inavyolika mahali watu wanapomega tonge. Upande huu haukuwa na vishimo. Ulikuwa na mfereji, mpana, laini, umetoka katikati ukaenda hadi kwenye ukingo, na ukingo wenyewe kwa ndani ulikuwa umelika kama jiwe la kisima. Mkono mmoja ulisukuma pale, ukasukuma, maisha mazima.

Waliokiosha chano waliuona ule mfereji miaka yote. Walisema ni uzee wa mti.

"Upande huu hajakaa mtu tangu yeye," Jumbe akasema taratibu, kama anajiuliza. "Basi umelika kwa mkono wa nani?"

Watu wakatazamana. Hata kuku walisimama.

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wa Jumbe. Angeweza kuurudisha wali juu ya ule mfereji, akafunika, akamwinua mtoto, na mila ikabaki ilivyo. Watu wangeshukuru. Mkono wake ulikaa juu ya wali muda, na Mwanasha pale nguzoni aliutazama ule mkono kama unavyotazama mlango wa chumba cha daktari.

Jumbe akauondoa mkono. Akageuka.

"Mwanasha, mwanangu. Ulikuja kuniomba bakuli nikakwambia sheria ni moja kwa wote. Kumbe aliyeiweka sheria alijichongea ukuta kwanza. Aliuweka ule upande kwa ajili ya mkono usiotulia, nasi tukaugeuza taji, tukamkataza kukaa mtu aliyeuhitaji." Akashika kichwa. "Na wali tukawapa kuku."

"Jumbe, mila!" Mzee Fumo alisema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mila hii hapa, Fumo. Iguse."

Mzee Fumo hakuigusa. Kisha, polepole, akautoa mkono wake wa kulia ndani ya joho, akaishika bakora nao. Watu hawakuwahi kuuona mkono ule karibu, hata kusalimia alisalimia kwa kuinamisha kichwa. Ulikuwa unatetemeka. Unatetemeka kuliko wa Zuwena, bakora inagonga sakafu ta-ta-ta.

Kumbe hakuwa amefunga. Kila mwaka, yule mzee alisimama nyuma ya watoto, harufu ya nazi puani, njaa inamuuma, anaogopa siku watu watakapomwona akimwaga wamrudishe naye. Ndiyo maana alikuwa mkali vile. Mimi naijua hofu, wenzangu, inaweza kumfanya mtu alinde mlango uleule unaomfungia nje.

Zuwena akautazama ule mkono, akatazama wake. Akasogea.

"Kaa, babu. Hapa hapamwagiki."

Mzee Fumo akakaa. Magoti yalilia, kofia ikapinda. Akasukuma wali, ukagonga ukingo, ukasimama. Akapeleka tonge mdomoni, akafumba macho.

Mtani wake mmoja akashindwa kujizuia. "Leo hukufunga, Fumo?"

"Nilifunga miaka mingi," mzee akajibu mdomo umejaa. "Niache nile."

Watu wakacheka, wengine huku wanajipangusa macho kwa ncha za kanga. Mwanasha akaiachia nguzo. Nasikia alama za kucha zake zilibaki pale.

Jumbe akatangaza palepale kuwa Zuwena ni mtoto wa mji. Halafu akamwita seremala, akamwagiza chano kipya, chenye ukingo pande zote.

Lakini hakuishia hapo. Kesho yake alishuka bondeni kwa miguu, akavuka mto hadi kwa mfinyanzi, akaomba radhi. Mfinyanzi alimsikiliza mpaka mwisho, akaendelea kufinyanga, hakusema ndiyo wala hapana. Jumbe akarudi peke yake. Haki iliyochelewa haitakiwi kudai ipokelewe siku hiyohiyo.

Mavuno yaliyofuata, chano kipya kimeandaliwa, watu wakaona vichwa vinapanda kilima. Ni mfinyanzi, na mkewe, na mtoto wao asiyeona katikati. Hakuna aliyejua pa kutazama. Mwanasha ndiye aliyekwenda kuwapokea mzigo.

Zuwena, ambaye sasa pengo lake lilikwisha kuota jino, akamshika yule mtoto mkono akamleta chanoni.

"Nikae wapi?" mtoto akauliza.

"Popote," Zuwena akamwambia, akauweka mkono wake juu ya ukingo, akauzungusha pamoja naye taratibu kote, mpaka waliporudi walipoanzia. "Umeona? Kote kuko hivi."

Mtoto akacheka, akakaa, wakala. Siku hiyo ubao ulionekana mapema na majamvi yalikuwa safi kama hayajakaliwa. Waliosikitika Kwa Ndaro walikuwa kuku tu.

Ndiyo hiyo, wazazi wenzangu. Jumatatu nitakuja na wangu getini asubuhi. Atatembea polepole, na mimi nitakuwa naogopa. Nikiona mtoto wa yeyote kati yenu amesogea kidogo kwenye benchi, nitajua mliisoma mpaka mwisho.

Funzo: Kabla hatujasema mtu hawezi kukaa nasi, tukitazame kwanza chombo tulichomwekea, haki si kumpa kila mtu ubao uleule, haki ni kila mtu ainuke ameshiba.